Umeme wa Mwalimu

Mita ya umeme iliniambia usiku wa kwanza, nami nikajifanya sikuisoma. Ilionyesha yuniti 58 na nukta kidogo. Zanzibar, kama bara, umeme unanunuliwa kabla ya kutumiwa. Kule Zanzibar mita zenyewe wanaziita Tukuza. Ukihama, yuniti zilizobaki huwezi kuzifunga kwenye furushi, zinabaki na nyumba. Ile nyumba ilikuwa na balbu nne, feni moja ya darini, na alama ya pasi iliyounguza ukingo wa dirisha. Alama ya friji sakafuni haikuwepo. Kwa matumizi ya namna hiyo, yuniti 58 ni umeme wa mwezi na siku kadhaa juu yake, na hakuna mtu wa mshahara wa kawaida anayenunua umeme wa mwezi mzima wiki anayojua kwamba anahama. Nimepanga nyumba Dar es Salaam tangu nikiwa chuoni. Nimehama Sinza, nimehama Tabata, na kila nilipohama niliacha kununua umeme mapema, nikalala na kibatari cha simu, ili nisimwachie mtu yuniti zangu. Hesabu ile niliijua vizuri sana. Nikachomeka laptopu, nikawasha feni, nikasema alhamdulillahi, tumeanza vizuri.

Kwa muda mrefu mwaka huo wa 2024 niliusimulia kwa namna iliyonipendeza. Dada wa Dar amechoshwa na foleni, amepata kazi ya mtandaoni, ameenda kuishi pwani ya Unguja, amejifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini na kitu. Yote ni kweli. Nilichokuwa nakiruka ni mwalimu wa shule ya msingi na wanawe wawili, waliokuwa wakiishi ndani ya nyumba ile mpaka siku niliyolipa kodi.

Kazi yangu ni ya kukaa. Nakagua tafsiri za Kiswahili za programu za simu: kitufe kimeandikwa neno ambalo hakuna anayelitumia, ujumbe wa hitilafu unamsuta mteja kana kwamba kaiba, tarehe zimepinduka. Kampuni iko Toronto. Saa tatu asubuhi yao ni saa kumi na moja jioni yetu, na Machi wakishasogeza saa zao mbele inakuwa saa kumi. Nilikuwa naingia kazini watu wanatoka, natoka saa saba usiku. Mshahara unaingia kwa dola, na kampuni haikujali nimekaa wapi mradi nionekane kwenye skrini na sauti isikatike. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo ana mchana mzima wa kwake, na Sinza mchana mzima wa kwako unaupeleka wapi? Nikaanza kuangalia bahari.

Januari ni kaskazi. Pwani ya kusini mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, upepo unavuma bila kuchoka, na mwamba ulioko mbali baharini unayavunja mawimbi yasifike ufukweni, kwa hiyo ndani kunabaki maji ya kina kifupi yaliyotulia. Ndiyo maana wacheza kaiti wa dunia nzima wanajaa pale. Nilifikia nyumba ya wageni, nikaanza kuulizia nyumba kijijini, nikaletewa kijana ambaye msimu wa upepo anafundisha kaiti na siku nyingine ni dalali. Akanipeleka mahali kati ya Paje na Jambiani, kwa mzee mmoja mwenye nyumba yake ya pembeni. "Yupo mtu ndani," akasema njiani, "lakini anatoka."

Mzee alitaja laki moja na nusu kwa mwezi. Dalali akanivuta pembeni: "Dada, kuna meneja wa hoteli anaiwania hii. Usipolipa leo, kesho tunaongea habari nyingine." Sinza nilikuwa nalipa laki nne na nusu kwa vyumba viwili na kelele za baa. Nikarudi kwa mzee nikamwambia nitatoa laki mbili na nusu, mwaka mzima, mkononi, mradi niingie tarehe mosi Februari. Milioni tatu. Mzee alinyamaza kidogo, akamwita mkewe, wakanong'onezana, akarudi akaniambia "Inshallah."

Siku ile niliuliza maswali mengi. Niliuliza maji ya ZAWA yanakuja siku gani, kisima kina chumvi kiasi gani, bati linavuja wapi. Nilisimama kila chumba na simu mkononi nikipima kasi ya intaneti, mpaka mtoto mmoja akadhani napiga picha. Swali la huyo anayetoka anakwenda wapi, na kwa nini katikati ya muhula wa shule, nililifikiri. Lilikuja hadi mdomoni. Nikaliacha kwa sababu nilihisi jibu lake litanigharimu nyumba.

Hapo ndipo kosa lilipo, na nimejaribu sana kulihamishia kwa wengine. Nimejaribu kumpa dalali, ambaye alipata kodi ya mwezi mmoja kama ada yake. Nimejaribu kumpa mzee. Zaidi ya wote nimejaribu kuwapa Wazungu, maana hilo ndilo jina la jumla tunalotupia kila kinachoharibika pwani.

Nilikuwa nimesoma, tena kwa hasira, habari za Lisbon, ambako wakazi wanalalamika kwamba wageni wenye kompyuta wamewapandishia kodi hadi wanahama mitaa waliyozaliwa. Nilisoma habari za Canggu kule Bali, mashamba ya mpunga yakigeuka majengo ya kifahari. Najua hata habari za jina la wahamaji wa kidijitali: Tsugio Makimoto na David Manners walitoa kitabu kiitwacho Digital Nomad mwaka 1997, wakitabiri kwamba teknolojia itamfungua mfanyakazi kutoka mezani kwake. Ilipokuja korona, Barbados, Estonia na Mauritius zikaanza mwaka 2020 kutoa viza kwa watu wa aina hiyo, na Oktoba 2024 Kenya nayo ikatangaza ya kwake. Katika yote hayo nilijihesabu upande wa walalamikaji. Mimi si mgeni, nilikuwa nikisema. Sihitaji viza. Naongea lugha ya watu, nakula wanachokula, nasali wanaposali. Mambo ya wahamaji wa kidijitali ni mambo ya watu wa nje.

Sasa tazama pwani ile ilivyopangika. Mstari wa kwanza, unaotazama maji, ni wa hoteli, baa za makuti na shule za kaiti. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini haki ya kuikalia na kuikodi ina bei yake, na mstari ule bei yake ni ya wenye mitaji. Mstari wa pili ni kijiji chenyewe: nyumba za mawe ya matumbawe na za matofali, bati juu, ua nyuma, jiko la nje, mnazi mmoja au miwili. Wenyeji wengi wanaishi katika nyumba zao za ukoo, hawapangi. Nyumba za kupangisha ni chache, na wanaozitegemea ni watu waliopelekwa pale na kazi: walimu, wauguzi wa kituo cha afya, askari, vijana wa bara wanaohudumu hotelini. Ukiondoa nyumba tano za kupanga katika kijiji cha namna hiyo, unakuwa umegusa shule na zahanati moja kwa moja.

Mzungu mwenye laptopu akija huishia mstari wa kwanza. Analipa kwa usiku, analipa ghali, na mara nyingi miezi mitatu ikiisha kaondoka. Mstari wa pili haumfahamu naye haufahamu. Hajui kubisha hodi, hajui kwamba kodi yetu inalipwa kwa miezi sita au mwaka, na mzee naye anasita kumpa nyumba mtu wasiyeweza kuelewana naye. Mimi nilibisha hodi. Nilitoa shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, nikanywa chai ya tangawizi, nikamsifia mkewe mzee ukili aliokuwa akisuka, na kwa kweli ulikuwa mzuri. Dola za Toronto zilikuwa zimekwama barabarani miaka yote hiyo. Kiswahili changu ndicho kilichozishika mkono kikaziingiza hadi uani kwa mwalimu. Ule uenyeji niliokuwa nikijivunia ndio uliofanya madhara ambayo Mjerumani wa kaiti asingeyaweza hata angetaka.

Nirudi kwenye maisha yenyewe, maana yalikuwa matamu, na nikificha hilo nitakuwa nadanganya tena.

Asubuhi niliamka saa mbili, nikavuka njia ya mchanga kati ya hoteli mbili, nikaingia majini. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi, siku za bamvua alikuwa ameshatangulia muda mrefu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya Paje na Jambiani mwaka 1989, na waliokibeba ni wanawake. Maji yakipwa sana, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wanatembea mbali ndani ya bahari iliyokauka hadi kwenye mashamba yao: vijiti viwili vimepigwa chini, kamba imevutwa katikati, na kila mche wa mwani umefungwa kwenye kamba kwa uzi mdogo wanaouita taitai. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, wanauza kwa kilo. Mwani ule unakwenda nje kutolewa ute unaogandisha dawa za meno na aiskrimu. Aina yenye bei nzuri haivumilii joto la maji ya kina kifupi, na maji yanazidi kupata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na aina ya bei ya chini. Maji mafu hakuna anayekwenda. Bibi alikuwa na ratiba ya mwezi, mimi nilikuwa na ratiba ya Toronto, na tulipishana uani, yeye anarudi na gunia linalochuruzika, mimi natoka na miwani ya jua.

Ramadhani ilianza Machi, siku chache baada ya Canada kusogeza saa. Maana yake ni kwamba magharibi ilipoingia nilikuwa kwenye kikao. Bibi alimtuma mjukuu wake na bakuli: muhogo wa nazi, tambi, kaimati mbili tatu zilizofunikwa kwa kawa. Nikiwa na vipokea sauti masikioni nilimwonyesha kwa kidole mahali pa kuliweka. Ilitokea hivyo tena na tena, na bakuli nilikuwa narudisha limeoshwa, tupu. Mtu aliyelelewa Uswahilini anajua kwamba bakuli la jirani halirudi tupu. Hilo ni kosa dogo, nalitaja kwa sababu siku zile nilikuwa nawaambia wenzangu wa Dar kwamba nimeingia kijijini kama mtoto wa nyumbani.

Halafu kuna habari ya mayai. Nyuma ya nyumba, kwenye kona ya jiko la nje, nilikuta kuku mwekundu akitaga. Sikumleta mimi. Alikuja karibu kila siku, akakaa saa zake, akaondoka. Siku ya kwanza nilipeleka yai kwa Bibi, akacheka akasema, "Kaa nalo, mwanangu." Nikachukulia kwamba ni kuku wa Bibi na kwamba nimepewa ruhusa ya kudumu. Nilikula mayai yale Februari yote, na Machi, na Aprili hadi sikukuu ikapita. Nilimpiga picha kuku nikaituma kwenye kundi letu la wafanyakazi wa mtandaoni na maneno ya kujisifu: kodi laki mbili na nusu, bahari hatua mia mbili, mayai bure. Wenzangu kadhaa, wa Dar na mmoja wa Nairobi, wakaniomba namba ya dalali. Nikawapa. Kufikia Mei walikuwa wameshahamia, kila mmoja na nyumba yake ya mstari wa pili, kila mmoja kwa kodi ya mwaka. Sikuuliza ndani ya hizo nyumba alikuwemo nani. Wao pia hawakuuliza; walinifuata mimi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Jumatatu ukurasa mmoja ulifunguka kwa dakika nzima, ukikubali kufunguka. Nilituma ujumbe Toronto kwa taabu, nikafunga laptopu. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha, hoteli nyingi zimefungwa, njia imejaa madimbwi. Sikuwa na pa kwenda ila barazani kwa Bibi, ambako yeye na wanawake wengine walikuwa wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba.

Nikawalalamikia. Bibi alicheka mpaka akaweka kamba chini. Akanikumbusha waya mwingine, ule wa umeme unaotoka bara kupitia chini ya bahari, ulipoharibika Desemba 2009 na Unguja nzima ikakaa kizani hadi Machi 2010. Maji hayakuwepo kwa sababu pampu hazikufanya kazi, samaki walioza, harusi zilifanyika mchana. Waya mpya mkubwa, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikuja kuzinduliwa mwaka 2013. "Miezi mitatu, mwanangu," akasema. "Weye siku mbili tu, ushakonda."

Tukiwa katika kicheko hicho akaingia msichana wa miaka kumi hivi, mwenye sare ya shule na mtandio mweupe uliolowa. Akatoa salamu, akapita moja kwa moja kwenye ua wangu bila kuniangalia, akarudi na yule kuku mwekundu kwapani. Akamfungia kwenye tenga la Bibi, akaaga, akaondoka.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mtoto wa Mwalimu," akasema Bibi. "Kule walikohamia hakuna ua, kuku wamewaacha kwangu. Lakini huyu mwekundu kila siku anarudi kutaga kwao."

Alisema kwao. Nikauliza, nikijua ninachouliza, Mwalimu alihama kwa sababu gani. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyenitupia neno. Bibi aliendelea kufunga taitai, akasema kwa upole kabisa, "Sisi tulidhani unajua."

Mwalimu ni mzaliwa wa Pemba, mjane. Alikaa nyumba ile miaka minne kwa elfu themanini, akilipa mwezi kwa mwezi kila mshahara ulipoingia. Aliambiwa aondoke wiki ya mwisho ya Januari. Alitafuta kijijini hakupata, akapata chumba Kitogani, ndani huko kwenye njia ya kwenda mjini. Kila alfajiri alipanda daladala na watoto wawili kurudi shule ileile, ambayo mwanzo aliifikia kwa miguu wakati kengele inagonga. Ramadhani nzima, ile niliyokuwa naonyesha bakuli kwa kidole, alifuturu barabarani mara nyingi kuliko nyumbani. Mayai niliyokula yalikuwa yake. Bibi hakuwa na ruhusa ya kutoa. Siku ile aliniambia nikae na lile yai moja, basi.

Nilikwenda shuleni wakati wa mapumziko, siku chache baadaye, na bahasha. Ndani niliweka shilingi elfu ishirini za umeme, za mayai niliyokadiria, na laki mbili ambazo sikuwa nimeamua jina lake. Mwalimu alinipokea vizuri, akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye dawati la watoto. Nilieleza. Nilieleza kwa urefu mno, sasa nikikumbuka naona aibu. Nusu ya maneno yalikuwa ya kunitetea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mita ulikuta ngapi?"

"Hamsini na nane."

Akatikisa kichwa. "Nilinunua Jumapili. Nikaitwa Jumanne." Akafungua bahasha, akatoa za umeme, akahesabu za mayai, akazitenga. Zilizobaki akazikunja ndani ya bahasha akanisogezea. "Hizi za nini, dada?"

Sikuwa na jibu. Nilisema ni za usumbufu. Akasema usumbufu bado upo, hizo zitakuwa za siku gani? Hakusema kwa ukali. Kengele ikalia, akasimama, akaniambia nimsalimie Bibi.

Nikaenda kwa mzee. Nilikuwa nimeshapanga hotuba: nitaondoka, amrudishe Mwalimu kwa kodi ya zamani, kilichobaki cha milioni tatu yangu kihesabiwe kuwa kodi yake. Mzee alinisikiliza akiwa amekaa kwenye gogo, anatengeneza dema. Akanionyesha paa la nyumba yake kubwa: bati jipya. Akanionyesha kwa kidevu upande wa mjini: binti yake yuko chuo kikuu, SUZA, Tunguu, ada imelipwa. "Pesa yako ndiyo ile pale juu," akasema. "Ukitaka kutoka toka, mwanangu, sina ugomvi. Lakini Mwalimu simrudishii kwa elfu themanini. Jirani yangu kashapata laki tatu kwa yule mwenzio. Mie niwe mjinga peke yangu?"

Nimemfikiria sana mzee huyu na bado siwezi kumkasirikia. Miaka mingi aliona mstari wa kwanza ukitajirika kwa upepo na mchanga wa kijiji chake, yeye akipata kazi ya ulinzi usiku. Alipokuja mtu wa kumpa bei ya pwani akiwa mstari wa pili, akamtoa aliyelipa kidogo. Mkataba wa maandishi hakuwa nao Mwalimu wala mimi. Nyumba ni yake. Ila aliyemwekea milioni tatu mbele ya macho, na sharti la tarehe mosi juu yake, ni mimi. Laki moja na nusu aliyoitaja mwenyewe ingeweza kusubiri Mwalimu amalize muhula. Pesa taslimu ya mwaka mzima haikumpa nafasi hiyo.

Na sasa sehemu ambayo mama yangu nilipomsimulia alinyamaza kwenye simu. Sikuondoka. Nilikaa hadi Januari 2025, kodi ilipokwisha. Nilijiambia kwamba nikitoka ataingia mwingine, kwa hiyo kutoka kwangu hakumsaidii mtu. Hoja hiyo ni sahihi, na niliishika kwa sababu iliniachia bahari. Juni kusi ilianza, maji yakawa baridi kidogo, anga safi, na niliogelea kila asubuhi hadi mwaka ukaisha. Nililipa nauli za daladala za watoto wa Mwalimu kupitia kwa Bibi kwa muda fulani, kimyakimya, mpaka Mwalimu akajua na kumwambia Bibi basi. Mayai niliacha kula. Kuku naye baadaye akachinjwa kwa ajili ya wageni waliotoka Pemba.

Wenzangu niliwaandikia kwenye kundi nilichokifanya na nilichowafanya wafanye. Mmoja alisema hoteli zimefanya mabaya zaidi, mbona hatuzisemi. Mmoja aliuliza kama nimechoka na kazi. Wa Nairobi alikwenda kumtafuta muuguzi aliyekuwa akikaa kwenye nyumba yake, akamkuta amehamishiwa wilaya nyingine kwa ombi lake mwenyewe. Hakukaa tena zaidi ya mwezi, akarudi kwao. Waliobaki waliongeza mwaka mwingine. Nyumba yangu mzee aliitia vigae na kiyoyozi, na nilipoondoka alikuwa anaitangaza kwa usiku.

Kwa sasa nimepanga chumba kimoja Tanga mjini, kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaishi humohumo, na kazi yangu ni ileile. Namba ya dalali bado ninayo. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Arusha aliyepata kazi ya mtandaoni aliniomba, akanitumia na picha ya Paje aliyoitoa mahali. Nikampa, kwa sababu angeipata tu kwa mwingine, na nikamwandikia ujumbe mrefu: kabla hujatoa hela muulize mzee nani anakaa humo sasa hivi, kisha nenda ukaongee na huyo mtu mwenyewe, usiishie kwa dalali. Akanijibu kwa kidole gumba, halafu akauliza kama nyumba za huko zina maji ya moto.